Simu Zetu Zifunzwe Kusoma Ng'

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ninaonuia kuuzungumzia leo ni mdogo mno, na pengine ndiyo sababu umeachwa ukae unyayoni kwa miaka mingi. Ni alama ya ritifaa, ile tunayoitia baada ya herufi n na g tunapoandika ng'ombe, ng'ambo, ng'amua au kung'ang'ania. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba bila alama hiyo neno limeharibika. Simu iliyo mfukoni mwa mwalimu wake haijui.

Anayetilia shaka maneno haya na ajaribu mwenyewe. Afungue mojawapo ya programu kubwa za mitandao ya kijamii, aandike alama ya #, ambayo wengine huiita alama ya reli, kisha afuatishe neno Murang'a bila kuacha nafasi. Ataona programu ikiipaka rangi sehemu ya kwanza tu, #Murang, huku ritifaa na ile a ya mwisho zikiachwa nje mithili ya wageni wasioalikwa. Akiandika Lang'ata, atabakiziwa #Lang. Akiandika ng'ombe, ng'ambo au ng'amua, yote matatu yatakatwa na kuwa #Ng, na mkulima anayetafuta mjadala kuhusu maradhi ya mifugo atajikuta katika zizi moja na watu wanaozungumzia Nigeria, kwa kuwa herufi ng ndizo msimbo wa nchi hiyo katika mtandao.

Nashikilia kwamba jambo hili si dogo, kwamba linaweza kurekebishwa kwa kazi ya siku moja, na kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaopaswa kulivalia njuga. Lakini kabla ya kudai marekebisho ni sharti tuelewe kasoro yenyewe ilikozaliwa.

Alama za # na @ ni kongwe kuliko simu hizi. Zote mbili zilikuwamo katika orodha ya herufi za tarakilishi iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ile inayojulikana kwa jina la ASCII. Mwaka 1971 Ray Tomlinson aliichagua @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine katika barua pepe. Nayo # ilitumiwa kutambulisha vikao vya mazungumzo katika mfumo wa IRC, ulioanzia Finland mwaka 1988. Tarehe 23 Agosti 2007, Chris Messina alipendekeza kwamba watumiaji wa Twitter, mtandao ambao tangu 2023 unaitwa X, waitie alama hiyo mbele ya neno ili kukusanya pamoja ujumbe wa mada moja. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa hashitegi. Alama ya @ nayo ikawa ya mtajo, yaani ya kumwita mtu kwa jina ili apate arifa kwamba ametajwa.

Sisi Wakenya tuliipokea desturi hiyo kwa mikono miwili. Mwezi Julai 2015, kituo cha televisheni cha CNN kilipoiita nchi hii kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, wananchi walijibu kwa #SomeoneTellCNN, na baadaye mkuu mmoja wa kituo hicho akafunga safari hadi Nairobi kuomba radhi. Mwezi Juni 2024, vijana walioupinga mswada wa fedha walikusanyika mtandaoni chini ya #RejectFinanceBill2024 kabla ya kukusanyika barabarani, na tarehe 26 mwezi huo Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Sidai kwamba maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ya ritifaa. Ninachosema ni kwamba hashitegi imekwisha kuwa baraza la taifa, na lugha inayokatwa ulimi mlangoni mwa baraza haiwezi kusema sawasawa humo ndani.

Sasa tuitazame kazi ya mashine. Programu haisomi kama tusomavyo sisi. Huanzia mwanzo wa ujumbe na kupita alama moja baada ya nyingine hadi mwisho, na wakati wote hujiuliza swali moja: je, niko nje ya neno lenye alama, au niko ndani? Inapokutana na #, hutazama nyuma. Ikiwa nyuma kuna nafasi, au huo ndio mwanzo wa ujumbe, mlango hufunguka. Ikiwa nyuma kuna herufi, mlango hubaki umefungwa. Ikishaingia ndani, huendelea kukusanya herufi, tarakimu na kistari cha chini. Inapokutana na kitu chochote kisichokuwa katika makundi hayo matatu, iwe nafasi, nukta, mkato au alama ya hisi, hufunga mlango na kulitangaza neno lililopatikana.

Kanuni hizo zina hekima yake. Kule kutazama nyuma ndiko kunakoiokoa anwani ya barua pepe, ambayo ina @ katikati. Programu iliyotungwa kwa pupa ingeikata anwani ya karani wa shule vipande viwili, ikaamini kwamba kipande cha pili ni jina la mtu, na kumpelekea arifa mgeni ambaye hana habari na shule hiyo. Vilevile, katika mtandao kama X, neno lenye tarakimu tupu halihesabiwi kuwa hashitegi, kwa sababu watu wengi huandika #7 wakimaanisha nambari saba. Majina ya mitajo yamebanwa zaidi. Katika X jina halizidi herufi 15, nazo ni lazima ziwe zile za alfabeti ya Kiingereza, tarakimu na kistari cha chini. Kwa hiyo kila Nyong'o, kila Ng'eno na kila Ng'ang'a hulazimika kuiacha ritifaa yake langoni kabla ya kusajiliwa.

Swali ni hili: nani aliyeamua kitu gani ni herufi na kitu gani si herufi? Watunzi wengi wa programu hutumia mbinu iitwayo ruwaza. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Stephen Kleene katika miaka ya 1950, na Ken Thompson akachapisha mwaka 1968 namna ya kuitumia katika kutafuta maneno ndani ya matini. Katika ruwaza kuna alama fupi yenye maana ya herufi yoyote ya neno. Kwa asili, alama hiyo ilikusudia herufi a hadi z, ndogo na kubwa, tarakimu 0 hadi 9, na kistari cha chini. Basi. Hiyo ndiyo dunia nzima ya maandishi jinsi ilivyoonekana kutoka dirisha la maabara ya Marekani. Programu inayofuata fasili hiyo kongwe ikipewa neno Gĩkũyũ, hubakiza G peke yake, kwa sababu ĩ haimo katika orodha yake.

Kasoro hiyo ya ĩ na ũ imepata tiba kwa kiasi kikubwa. Mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, umeipa kila herufi ya lugha za dunia nambari yake, na umesema wazi ipi ni herufi, ipi ni tarakimu na ipi ni alama ya uakifishaji. Programu inayoutii mfumo huo huitambua ĩ kuwa herufi kamili. Hata hapo pana mtego, kwa maana ĩ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachopandishwa juu yake. Macho ya binadamu hayaoni tofauti. Mtunzi asiyekihesabu kiwimbi hicho kuwa sehemu ya neno atalikata neno lile lile ambalo jirani yake amelipitisha.

Lakini ritifaa haikupata bahati ya ĩ. Unicode imeiweka ritifaa ya kawaida katika kundi la alama za uakifishaji, pamoja na mkato na nukta. Kwa hiyo hata programu iliyotungwa kwa uangalifu, inayofuata kanuni za kimataifa neno kwa neno, bado itaikata Murang'a. Hapa hakuna njama wala chuki. Pana fasili moja iliyofaa lugha fulani, ikapakiwa mabegani mwa lugha zote.

Tuzilinganishe lugha zenyewe. Katika Kiingereza, ritifaa huonyesha kwamba herufi imeachwa, au kwamba kitu ni cha mtu fulani. Katika Kifaransa hukaa kwenye mpaka wa maneno mawili yaliyogandamana. Katika lugha hizo, kuikata hashitegi penye ritifaa kunaweza kutetewa. Kiswahili kinaitumia vingine. Ni kweli kwamba washairi wetu huitumia kuonyesha herufi iliyoachwa, wanapotaka mizani itimie. Lakini katika ng' ritifaa haionyeshi pengo lolote. Ni kiungo cha herufi yenyewe. Herufi n, g na ritifaa ni alama tatu zinazoandika sauti moja, ile nazali itamkwayo kwenye kaakaa laini. Kuiondoa ritifaa hapo ni sawa na kukiondoa kijiti cha herufi t na kudai kwamba neno limesalia lile lile.

Tena maana hubadilika. Kung'oa ni kutoa kitu kilichojikita, kama vile jino au kisiki. Ngoa ni matamanio au wivu. Mwalimu akimkuta mwanafunzi ameandika "ngoa jino" atamkata alama, na atakuwa na haki. Kisha mwanafunzi huyo anatoka darasani, anachukua simu, na simu inamfundisha kwamba ritifaa ni takataka inayoharibu kazi yake. Je, kati ya mwalimu anayeonana naye kwa vipindi vichache kila juma na simu anayoshinda nayo, ni nani atakayeshinda? Tumelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wanafunzi wetu hawajui kuandika ng'. Tumewalaumu wao, tumewalaumu wazazi, tumeilaumu Sheng. Mashine inayowazawadia kwa kuiacha hatujaigusa.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: iacheni tu ritifaa, mwandike Muranga na Langata, watu wataelewa. Namjibu kwamba huko ndiko kuvunja nyumba ili samani ipite. Isitoshe, wapo watakaoiacha na wapo watakaoitia. Mjadala mmoja utagawanyika mafungu mawili yasiyoonana, na kazi ya hashitegi ya kukusanya watu itakuwa imeshindikana. Na anayeambiwa aache herufi ya jina la ukoo wake hana budi kujiuliza kwa nini akina Smith hawaambiwi hivyo.

Wa pili atasema kwamba nchi ina njaa, shule hazina madarasa, na huu si wakati wa kulilia kialama. Hoja hii ina uzito, wala siibezi. Lakini marekebisho ninayoyaomba hayachukui hata shilingi moja kutoka katika mfuko wa madarasa. Na kila jambo la nchi hii, njaa ikiwamo, sasa linajadiliwa kwa njia hizi. Mkulima wa Murang'a anayelalamikia bei ya majani chai anastahili kulitaja jina la kaunti yake bila kukatwa.

Wa tatu atasema kwamba mitandao mikubwa haiwezi kubadilisha kanuni zake kwa ajili ya lugha moja. Huyu hana habari. Kanuni za Twitter za kutambua hashitegi zilitolewa hadharani kwa yeyote azisome, na ndani yake mna orodha ya alama maalumu zilizoruhusiwa ingawa si herufi. Mna alama za Kiebrania zinazotiwa katika vifupisho. Mna nukta ya Kitibeti inayotenganisha silabi. Mna nukta ya katikati, ambayo Wakatalani huiweka baina ya herufi mbili za l. Kikatalani kina wasemaji wachache mno kikilinganishwa na Kiswahili, lugha ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Kama nukta ya Wakatalani imepata kiti, ritifaa yetu imekosea wapi?

Kwa hiyo napendekeza kanuni ifuatayo. Programu ikiwa ndani ya hashitegi na ikutane na ritifaa, isifunge mlango papo hapo. Itazame nyuma: je, herufi mbili zilizotangulia ni n na g? Kisha itazame mbele: je, herufi inayofuata ni irabu, au w kama katika ng'wafua? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, ritifaa ihesabiwe kuwa sehemu ya neno. Jibu moja likiwa la, mlango ufungwe kama kawaida.

Kanuni hii haimdhuru mtu. Mwingereza anayeandika #King's atakuwa na n na g nyuma ya ritifaa, lakini mbele kuna s, kwa hiyo neno lake litakatwa pale pale alipozoea. Anayefunga nukuu kwa ritifaa baada ya neno linaloishia kwa ng atafuatisha nafasi, na mlango utafungwa vilevile. Maneno ya Kiswahili yanalindwa na tabia ya Kiswahili chenyewe: baada ya ng' sharti ifuate irabu, au w kisha irabu. Sarufi tunayoifundisha ubaoni ndiyo inayotatua tatizo la mashine.

Kuna jambo moja zaidi la kuangaliwa. Ritifaa ina maumbo mawili katika simu. Liko lililonyooka na liko lililopinda, na baadhi ya simu huligeuza la kwanza kuwa la pili bila kumwuliza mwandishi. Kwa mashine hizo ni alama mbili zenye nambari tofauti. Programu inapaswa kuyapokea maumbo yote mawili na kuyahesabu kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta, ili #Ng'ombe ya simu yako ikutane na ya simu yangu. Wataalamu wengine watasema kwamba Unicode ina umbo la tatu, lililowekwa katika kundi la herufi hasa kwa ajili ya lugha kama yetu. Ni kweli, lipo. Lakini halimo katika baobonye tunazouziwa, na hatuwezi kuwaambia mamilioni ya watu watafute alama iliyofichwa ili waandike ng'ombe. Jirani zetu wa Uganda wanalijua somo hili. Tahajia sanifu ya Luganda inayo herufi ŋ, lakini wengi huandika ng' kwa sababu ndiyo iliyo karibu na vidole.

Je, walimu wafanye nini? Kwanza, tatizo hili liingie darasani. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi zake za kimsingi, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule. Mara nyingi masomo hayo hufundishwa kana kwamba hayana uhusiano na Kiswahili. Hapa uhusiano upo, na hauhitaji hata tarakilishi. Mwalimu aandike ubaoni: "Mkutano wa #Murang'a ni saa nane. Muulizeni @karani, yuko chumba #7." Mwanafunzi mmoja awe mashine. Asogeze kidole herufi baada ya herufi, aseme "nje" au "ndani", na darasa limkosoe. Watagundua wenyewe neno linapokatwa. Kisha waulizwe watunge kanuni ya kuliokoa. Katika kipindi kimoja watakuwa wamejifunza fonolojia, uakifishaji na mantiki ya usimbaji.

Pili, wanafunzi wa vyuo wanaotunga programu za simu, na nchi hii inao wengi hodari, wasinakili ruwaza za wengine kama kasuku. Kabla ya kuitoa programu kwa umma, waijaribu kwa majina ya nyumbani: Murang'a, Lang'ata, Ng'ang'a, Nyong'o, Gĩkũyũ. Programu inayoshindwa na majina hayo haijakamilika, hata ikiwa na rangi za kupendeza namna gani.

Tatu, vyama vya Kiswahili na idara za vyuo vikuu viziandikie kampuni zinazomiliki mitandao hii, vikiambatanisha kanuni iliyo kamili na mifano yake. Malalamiko peke yake hayatafika mbali. Mhandisi wa California hawezi kujua kwamba ng' ni sauti moja asipoambiwa, na wa kumwambia ni yule anayeijua.

Lugha yetu imevuka kutoka hati za Kiarabu hadi za Kilatini, na kutoka kalamu hadi taipureta. Kila mara ilibidi iamuliwe sauti zake ziandikwe vipi. Zamu hii uamuzi umefanyiwa mbali nasi, na watu wasiotujua, nasi tumenyamaza. Simu haina kosa, maana hufanya ilivyofundishwa. Wenye kazi ya kufundisha ni sisi. Na tuanze kipindi cha kesho.